Mafundi wawili, gari moja: shokapu zimekufa au zinasingiziwa?

Shikamoo Fundi,

Gari letu limekuwa mada ya kila mlo hapa nyumbani. Ni saluni ndogo, inavutwa na magurudumu ya mbele. Tulilinunua likiwa limetembea kilomita 38,000 na sasa liko 112,000. Kwa muda wote huo hakuna aliyegusa shokapu.

Mume wangu ndiye anayeliendesha kila siku. Mimi hulishika wikiendi, na kuna wakati hupita mwezi mzima. Kila nikikaa kwenye usukani naona limebadilika. Tuta linakwisha lakini gari bado linanesa, nikikanyaga breki pua inainama, na kwenye kona nahisi linalala upande. Yeye anasema gari halina kitu, ni mimi niliyedekezwa na gari jipya la kazini. Mama mkwe akipanda kiti cha nyuma hushuka ameshika kichwa, anasema bora angepanda ngalawa.

Kilichotupeleka gereji hasa ni sauti. Mbele kushoto panagonga ko-ko-ko tukipita kwenye vishimo vidogo kwa mwendo wa polepole. Fundi wa kwanza alizunguka nasi mara moja, akasema shokapu zote nne zimekufa, akataja bei. Gari hakuliinua. Fundi wa pili alikandamiza kona ya boneti kwa mikono miwili akaachia. Gari likapanda, likashuka, likatulia. Akacheka, akasema shokapu nzima kabisa, yule wa kwanza anatafuta hela. Ila akaongeza kuwa ikibidi anaweza kuzitoboa na kujaza oili mpya, na kuweka mipira katikati ya springi ili gari lisimame vizuri.

Nimechungulia mwenyewe kwa tochi ya simu. Shokapu ya mbele kushoto ina unyevu uliochanganyika na vumbi jeusi, kuanzia katikati hadi chini. Ya kulia ni kavu. Halafu matairi ya mbele nikiyapapasa nahisi kama mawimbi, bonde na kilima. Mwezi ujao tunasafiri watu watano na mizigo yetu. Nimfuate fundi yupi?

Dereva wa Wikiendi

*

Marahaba, dada. Nianze na jibu lenyewe, ili hata usipofika mwisho uwe umelipata. Shokapu zenu mbili za mbele zimekwisha, na zibadilishwe zote mbili kabla ya safari. Sauti ya ko-ko-ko ni jambo jingine, na sidhani kama inatoka kwenye shokapu. Za nyuma zikaguliwe kwanza. Usizilipie kwa neno la mtu ambaye hakuinua gari hata kidogo.

Wengi hupoteza hela hapa kwa sababu wanangoja shokapu ipige kelele ndipo waamini imekufa. Shokapu hufa kimya. Kinachogonga chini ya gari, mara nyingi ni jirani yake.

Fikiria kazi yake. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Gurudumu likipanda tuta springi inabanwa, kisha inajinyoosha, na ikiachwa peke yake itaendelea kubanwa na kujinyoosha mpaka ichoke yenyewe. Shokapu ndiyo inayoitia adabu. Ndani ya lile bomba mna pistoni yenye vitundu vyembamba na vali, na inasukumwa ndani ya oili. Oili haipiti kirahisi kwenye vitundu, kwa hiyo nguvu ya kunesa inageuka joto na kupotelea hewani. Watengenezaji hukadiria kuwa shokapu hupanda na kushuka zaidi ya mara 1,000 katika kila kilomita. Kwa gari lenu hiyo imeshavuka mara milioni 100. Sili ya juu, ule mpira unaozuia oili isitoke, inalika, vali zinalegea, oili inachoka. Hakuna siku hata moja ambayo utasema leo ndiyo imekufa.

Na hapo ndipo mumeo anapoponzwa, wala hadanganyi. Anayeendesha gari kila siku huzeeka nalo. Mguu wake umejifunza kukanyaga breki mapema kidogo, mikono imejifunza kurekebisha usukani pale gari linapoyumba, na yeye mwenyewe hajui kuwa amejifunza. Wewe unayelishika mara moja kwa wiki ndiye kipimo kizuri zaidi nyumbani humo. Mama mkwe ni kipimo cha pili, kwa kuwa anayekaa nyuma hana usukani wa kumsaidia kujiandaa. Nimewahi kuletewa magari mengi na wake za madereva, na sikumbuki nililolirudisha bila kukuta kitu.

Sasa kile kipimo cha kukandamiza boneti. Hakina ubaya, ila kinasema kweli upande mmoja tu. Gari likidunda mara tatu au nne kabla ya kutulia, shokapu ya kona hiyo imekwisha na huhitaji ushahidi mwingine. Lakini likitulia haraka, umejua kidogo sana. Mikono ya mtu husukuma gari taratibu, wakati kwenye shimo la kweli pistoni huenda kwa kasi kubwa mno, na vali zinazofanya kazi kwenye kasi hiyo hazikuguswa kabisa na mikono ya fundi wako. Tena magari mengi ya siku hizi yana springi ngumu na bushi (mipira ya kwenye viungio) zinazobana, kwa hiyo kona inaweza kutulia yenyewe hata shokapu ikiwa imebaki bomba tu. Fundi wa pili alifanya kipimo kimoja akatoa hukumu.

Mimi ninaangalia ushahidi unaokubaliana. Kilomita peke yake hazitoshi. Watengenezaji wengi hushauri shokapu zikaguliwe kila baada ya kilomita 20,000 hivi, na zikifika karibu 80,000 uanze kufikiria kuzibadili. Hiyo ni tarehe ya kuchungulia, haisemi kwamba siku hiyo ndiyo zinakufa. Gari linalobeba mizigo kwenye njia ya mawe linaweza kuzimaliza nusu ya umbali huo, na linalotembea lami laini likavuka bila shida. Lenu liko 112,000, basi mnastahili kushuku. Tuangalie mengine uliyoyaona.

Unyevu kwanza. Kuna shokapu inayotoa jasho na kuna inayovuja. Utando mwembamba wa oili karibu na sili ni wa kawaida, kwa sababu mhimili unaopanda na kushuka hulainishwa na oili hiyohiyo. Huo hukaa sehemu ya juu ya bomba, na ukiufuta haurudi kwa haraka. Uliyoyaeleza wewe, unyevu hadi chini na vumbi lililogandamana, ni kuvuja. Oili iliyotoka hairudi. Chukua kitambaa ufute bomba lote mpaka likauke, endesha siku tatu, chungulia tena. Jambo moja ulihakikishe kabla ya mengine yote: unyevu huo uwe unaanzia juu kwenye shokapu yenyewe. Gurudumuni hapo pana mpira wa breki na pana buti la draivu shafti, yaani kifuniko cha mpira cha mhimili unaozungusha gurudumu, lenye grisi. Ikiwa ni maji ya breki yanayovuja, gari lisiondoke hapo lilipo.

Halafu matairi, na hapa ndipo uliponishawishi kabisa. Tairi likikwanguka upande mmoja, wa ndani au wa nje, mara nyingi alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, imepotea. Likiisha katikati, limekuwa likijazwa upepo kupita kiasi. Likiisha pande zote mbili na kubaki katikati, upepo ulikuwa mdogo. Lakini mabonde na vilima vinavyozunguka tairi zima ni alama ya gurudumu linalodunda. Linaruka kidogo, linatua, linaruka tena, na kila linapotua linakwangua kipande. Balansi mbovu, yaani uzito wa gurudumu usiolingana pande zote, inaweza kuchora mawimbi ya namna hiyo, nayo ikaguliwe, ila balansi mbovu ingetikisa usukani kwenye mwendo kasi na hilo hukulitaja.

Gurudumu linaloruka linanitia hofu kuliko kichefuchefu cha mama mkwe. Tairi likiwa hewani, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, halina breki na halina usukani. Kwenye lami kavu iliyonyooka hutalijua. Siku ya mvua, kwenye kona yenye makorongo, na mtu amekatiza mbele yako, ndipo utaona gari linasita kusimama. Ile pua inayoinama ni dalili ya ugonjwa huohuo. Uzito unakimbilia mbele ghafla, nyuma kunabaki kwepesi. Mwombe mtu asimame mbali usiku atazame taa zenu mkipita tuta. Kama mwanga unaendelea kupanda na kushuka baada ya gari kuvuka, shokapu hazishiki tena.

Kwa hiyo fundi wa kwanza alipatia kwa mbele, ijapokuwa kwa kubahatisha. Je, ko-ko-ko?

Sauti inayotoka kwenye vishimo vidogo, kwa mwendo wa polepole, upande mmoja, kwa kawaida mimi naanza na linki ya stabilaiza. Ni kijiti chenye vifundo viwili kinachounganisha stabilaiza, ile fito ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona, na shokapu au na amu ya chini, mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini. Vifundo vikilika vinacheza na kugonga. Ni spea ya bei ndogo kuliko shokapu, na huondolewa kwa nati mbili. Fundi akilipandisha gari kwenye jeki na stendi, aishike hiyo linki kwa mkono na kuitikisa. Mkono wenyewe utajua. Kisha aangalie bushi za stabilaiza, boljointi (kifundo cha mviringo kwenye ncha ya amu) kwa kuinyanyua na mtaimbo chini ya gurudumu, tairodi (fito inayosukuma gurudumu usukani ukizungushwa) kwa kulitikisa gurudumu kushoto na kulia, na bushi za amu ya chini. Akimaliza afungue boneti aangalie maunti, ule mpira ulioshika kichwa cha shokapu kwenye bodi. Maunti ina kipimo chake ambacho hata nyinyi mnaweza kukifanya. Gari likiwa limesimama, mmoja azungushe usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, mwingine aweke kidole juu ya kichwa cha shokapu ndani ya boneti, si kwenye springi wala karibu na mkanda wa injini. Ukihisi inaruka na kutoa mlio wa chuma kinachoachia, beringi ya maunti imekwama.

Ukibadili shokapu ukaacha linki iliyokufa, utalipa bei kubwa na ko-ko-ko itarudi nawe nyumbani. Nimeona watu wakiapa kuwa wameuziwa shokapu feki kumbe tatizo halikuwahi kuwa huko.

Kutoboa na kujaza oili, kataa. Bomba la shokapu limefungwa kiwandani, na nyingi zina gesi ya naitrojeni inayozuia oili isitoe povu. Ukitoboa, gesi imetoka, chembe za chuma zimeingia ndani, na sili iliyokuwa ikivuja bado iko vilevile. Kwa wiki mbili gari litaonekana limekaza kwa sababu ya oili nzito, baadaye mtarudi mlipoanzia. Mipira ya kati ya springi nayo haihusiani kabisa na ugonjwa wenu. Inakaza springi na kuinua gari, na springi iliyokazwa inahitaji shokapu yenye nguvu zaidi, si dhaifu zaidi. Kama gari limelala upande mmoja, basi springi ndiyo ichunguzwe. Kimo cha gari ni kazi ya springi. Akague hasa koili ya chini kabisa, ambayo hukatika pale inapokaa kwenye sahani yake, na ncha yake inaweza kuchana tairi.

Mnaponunua, nunueni jozi. Shokapu ya kulia kuwa kavu haina maana ni nzima, imetembea umbali uleule. Ukiweka mpya kushoto na mzee kulia, gari litakuwa na tabia mbili, na utalihisi ukifunga breki kwa nguvu kwenye njia yenye mawimbi. Za mitumba siwashauri. Hakuna anayejua zimetembea kiasi gani, na nje zinaweza kung'aa kwa rangi mpya.

Kwenye gari la namna yenu shokapu ya mbele ina kazi kubwa kuliko bomba la kawaida. Ndiyo ile ambayo mafundi wengine huiita strati: imebeba springi, imeshika gurudumu lisiinamie ndani wala nje, na inazunguka pamoja na usukani. Mpangilio huo una jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1940, na umeenea kwa sababu unachukua nafasi ndogo. Kwa kuwa shokapu yenyewe ndiyo inayoshika pembe ya gurudumu, kuifungua maana yake ni kuharibu alaimenti. Kwa hiyo alaimenti ifanywe siku hiyohiyo, msiambiwe mngoje muone kama itavuta.

Ombeni pia maunti mpya na beringi zake, mpira wa stopa (unaozuia shokapu isigonge mwisho wake) na kava la vumbi. Gharama ya kufungua ni ileile, na ni ujinga kurudisha mpira uliopasuka juu ya shokapu mpya. Vumbi likiingia kwenye mhimili, sili haina maisha.

Wakati wa kufunga, simameni karibu mtazame. Fundi mzuri hataifungua nati ya juu kabla springi haijabanwa kwa kibanio chake, vibano viwili vikikabiliana. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu, sisemi kwa kutia chumvi, ndiyo maana siwaelekezi mfanye nyumbani. Hataukamata mhimili unaong'aa kwa koleo, kwa sababu mchubuko mmoja utakata sili na mtarudi na shokapu mpya inayovuja. Shokapu za oili huzisukuma na kuzivuta mara kadhaa zikiwa wima kabla ya kuzifunga, kutoa hewa. Atahakikisha ya kushoto haijakwenda kulia, maana sehemu za kushikilia mpira wa breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) huwa hazifanani. Na bolti zinazopita kwenye bushi za mpira atazikaza kwa mwisho gari likiwa chini limebeba uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejipinda na unakatika mapema.

Za nyuma, fanyeni hivi. Endesheni nusu saa kwenye njia yenye mashimo, simameni, mmoja aguse bomba la kila shokapu haraka kwa mgongo wa mkono, bila kusogelea breki. Zinazofanya kazi zitakuwa na joto linalokaribiana. Moja ikiwa baridi waziwazi kuliko mwenzake, haifanyi kazi. Hiki nacho ni kipimo cha kijijini, si cha maabara, lakini kikiungana na unyevu au mawimbi kwenye matairi ya nyuma kinatosha kuziongeza kwenye orodha. Zikiwa kavu, zina joto na matairi ni laini, acheni hela yenu mfukoni mzikague tena safari ikiisha. Ila mkumbuke kwamba watu watatu nyuma na mizigo kwenye buti vinazibana hizo zaidi kuliko za mbele.

Kazi hii ifanyeni wiki mbili kabla ya kuondoka, siyo jioni ya kuamkia safari, ili kama kuna nati iliyoachwa legelege ijitangaze mkiwa karibu na nyumbani. Mpaka hapo mnaweza kuendelea kulitumia gari kwa mwendo wa kiasi, bila mzigo mzito, mkiacha nafasi kubwa mbele yenu. Simamisheni kabisa mkiona springi imekatika, mhimili umepinda, tairi linasugua kitu au nyuzi za tairi zimeanza kuonekana.

Na umwandae mumeo kwa jambo moja. Yale mawimbi yaliyochongwa kwenye matairi hayaondoki kwa shokapu mpya. Mkitoka gereji gari litakuwa limetulia kwenye matuta, lakini kwenye lami mtasikia mvumo wa wu-wu-wu unaopanda na kasi, na yeye atasema, "Si nilikwambia?" Huo ni mlio wa tairi, si wa shokapu wala beringi. Kama matairi bado yana uhai yahamishieni nyuma, na mvumo utahama nayo, ndipo mtajua. Kama yamebaki kidogo, wekeni mapya siku hiyohiyo ya alaimenti.